Dabliu Tatu na Jeneza la Mninga

Shangazi yangu ni mtu wa kubipu. Simu yake ikiita mara moja ikakatika, maana yake umpigie. Ikiita mara mbili, maana yake ulimpigia jana ukazimaliza salamu haraka. Kwa hiyo Jumapili ile simu ilipoita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ikaendelea kuita kwa salio lake mwenyewe, niliketi kitandani nikajua kuna msiba.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Nani amekufa?”

Nikamwambia swali hilo nilitaka kuliuliza mimi.

“Usinitanie,” akasema, kwa sauti ya mtu aliyetoka nje na kuziba simu kwa kiganja. “Niko Tabata, kikao cha harusi. Nimewafungulia tovuti yangu kwenye televisheni ya mwenyekiti. Wajumbe 22. Mama wa bibi harusi amekaa mbele kabisa. Nimewaambia, haya, tazameni kazi zangu. Wanatazama majeneza.”

Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamume, nadhani mweka hazina, akisema kwamba kwa mninga mtupu bei ile si mbaya.

Ili lawama zimfikie anayestahili, yaani mimi, inabidi nirudi nyuma miezi miwili. Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Mimi ni mtu ambaye, miaka kadhaa iliyopita, alichomoa karatasi iliyokwama kwenye printa ya binamu yake mbele ya mashahidi. Tangu siku hiyo ukoo una fundi. Simu ikijaa, naitwa mimi. King'amuzi kikigoma, naitwa mimi. Na watu watatu walipotaka kuwa na tovuti kwa wakati mmoja, hawakuuliza kama naweza. Waliuliza itakuwa tayari lini.

Wa kwanza alikuwa shangazi, mpambaji wa kumbi za harusi: vitambaa, maua, taa na viti vya maharusi vyenye migongo mirefu kama ya masultani. Wa pili alikuwa seremala wa Keko ambaye alianza na vitanda na makabati, kisha akahamia kwenye majeneza, kwa hoja ambayo sijaweza kuipinga hadi leo: mteja wa kitanda atakwambia atakuja wiki ijayo, mteja wa jeneza hana wiki ijayo. Karakana yake akaiita Amani. Wa tatu alikuwa jirani yetu, mfugaji anayeuza vifaranga huko Chanika.

Kila mmoja akilipia sehemu yake ya kuweka tovuti, gharama ingekuwa mara tatu. Mimi nikapiga hesabu ya kipwani: tukodi seva moja, tukae wote humo. Kwa dola 6 kwa mwezi nikapata kipande cha kompyuta kilichoko Frankfurt, chenye kumbukumbu ya gigabaiti 1, nikawagawia dola mbili mbili. Shangazi akataka kujua kama Wajerumani hao wanafahamu kwamba nyumbani kwao kutakaa vifaranga na majeneza. Nikamwambia hawajali, mradi kodi iingie. Akasema basi ni kama mwenye nyumba wangu.

Hapo aligusa kiini cha jambo bila kujua. Mimi nimepanga chumba katika nyumba ya uswahilini: vyumba sita, vitatu kulia, vitatu kushoto, korido katikati, bomba na choo uani, na mita moja ya LUKU ambayo imevunja urafiki mwingi kuliko siasa. Mlango wa mbele ni mmoja. Mgeni akipiga hodi, lazima ataje anamtafuta nani, ndipo aelekezwe: chumba cha pili kushoto, gonga kwa nguvu, masikio yake mazito.

Seva yenye tovuti nyingi ni nyumba hiyo hiyo. Anwani ni moja, ile namba ya IP, na mlango wa kawaida ni namba 80. Kivinjari kikibisha hodi, kinataja jina la tovuti kinayoitafuta, na programu ya seva, kwangu mimi Apache, inaangalia katika orodha yake ya wapangaji na kumpeleka mgeni kwenye chumba husika. Mwanzoni mambo hayakuwa hivyo. Apache ilipoanza mwaka 1995, mgeni hakulazimika kutaja jina. Alifika tu na kudai ukurasa. Kwa hiyo kila tovuti ilihitaji namba yake ya IP, sawa na kila mpangaji kujengewa nyumba nzima, na namba za mfumo wa IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia yote. Mwaka 1997 likaja toleo la 1.1 la itifaki ya HTTP, likaweka sharti la uungwana: usiingie bila kusema unamtaka nani. Kwa sharti hilo shangazi, seremala na mfugaji wa kuku wakaweza kukaa paa moja Frankfurt.

Nikaanza kazi Ijumaa baada ya kula, nikitarajia kulala saa nne.

Kila mpangaji huandikiwa faili lake: jina lake nani, vitu vyake viko folda gani. Nikaandika faili la harusi, nikaiamuru seva ilitambue. Ikanijibu kwamba tovuti ya harusi haipo. Nikaangalia, ipo. Nikaamuru tena, haipo. Kwa dakika 40 tulibishana, mimi na mashine iliyoko Ujerumani, kuhusu faili ambalo nalitazama kwa macho yangu mawili. Kumbe Apache ya siku hizi hutaka jina la faili liishie na nukta na herufi nne, conf, na mimi nilikuwa nimeandika harusi tupu, kama mtu aliyekwenda benki na jina la utani.

Nikaongeza mkia, ikakubali. Nikafungua kivinjari kwa fahari. Nikapokelewa na namba 403: umekatazwa.

Nimekatazwa na nani? Seva nimeikodi mimi! Nikasoma, nikasugua macho, nikasoma tena. Mafaili ya shangazi nilikuwa nimeyaweka ndani ya folda yangu ya nyumbani, na Ubuntu za karibuni hufunga folda hiyo kwa watu wengine wote. Apache haifanyi kazi kwa jina langu. Ina jina lake la kitumishi, www-data. Nilikuwa nimeufungua mlango wa chumba cha harusi wazi kabisa, nikaacha geti la uani limefungwa na funguo ninazo mimi.

Ilikuwa saa nane usiku, na saa nane usiku mtu hafikiri, mtu hutenda. Nikaandika 777. Kwa asiyejua, hizo saba tatu maana yake ni kwamba kila mtu, mwenyeji, mgeni na mpita njia, anaweza kusoma, kuandika na kuendesha chochote kilichomo. Ni sawa na kupoteza ufunguo wa kabati ukaamua kubomoa nyumba. Tovuti ikafunguka. Nikalala kwa furaha nusu saa, kisha nikashtuka usingizini kama mtu aliyeacha jiko la mafuta linawaka. Nikaamka, nikarudisha ruhusa zilivyokuwa, nikahamishia mafaili yote kwenye /var/www, mahali ambapo pamekuwapo siku zote kwa kazi hiyo hiyo.

Jumamosi nikaandika faili la Amani na la vifaranga. Katika la vifaranga nilisahau mstari wa mwisho, ule wa kufunga kifungu, nikaiwasha seva upya bila kukagua. Haikuwaka. Wala haikuacha vifaranga peke yao nje: iliwafungia wote watatu. Kumbe kosa la mpangaji mmoja linatosha kumnyima kila mtu umeme. Nyumbani tumelijua hilo tangu mmoja wetu aliponunua jiko la umeme. Nikajifunza kutumia amri ya kukagua sarufi kabla ya kuwasha. Ukiandika sawa, hukujibu maneno mawili ya Kiingereza yenye maana kwamba sarufi ni safi. Jibu hilo lilinipa faraja kubwa kuliko lilivyostahili. Linathibitisha kwamba sentensi zako zimefungwa vizuri, si kwamba umesema la maana. Mjomba wangu angepewa jibu hilo hilo kwa kila hotuba aliyowahi kutoa harusini.

Kabla ya kumaliza nilifanya mambo mawili ya ziada, yote kwa kujiona hodari.

La kwanza, kwenye DNS, ile daftari inayogeuza majina kuwa namba, niliweka alama ya nyota mbele ya domeini ya shangazi. Nyota maana yake: jina lolote litakalotangulia, liwe lipi liwe, mlete kwenye seva hii. Nilijiambia sitaki kuhangaika siku za mbele.

La pili, nikakuta kuna faili ambalo sikuliandika mimi, linaitwa 000-default. Kazi yake, nilivyoona, ilikuwa kuonyesha ukurasa wa salamu unaosema Apache imewekwa. Nikaona huyu ni mpangaji asiyelipa kodi. Nikaandika a2dissite na jina lake, nikamtoa. Hakulalamika.

Miezi miwili ikapita kwa amani. Seremala akafurahi, vifaranga wakauzwa, shangazi akachapisha kadi 500 zenye maua ya dhahabu pembeni.

Kisha ikaja ile Jumapili ya Tabata.

Kikao cha harusi, kwa mtu wa mjini hapa, si mahali pa mzaha. Pale ndipo ahadi za michango zinasomwa kwa sauti na wadaiwa wakitafuta pa kutazama. Shangazi alikuwa amepewa dakika kumi za kueleza mapambo. Alichukua kadi yake, akampa kijana wa mwenyekiti, kijana akaandika anwani kwenye televisheni ya inchi 55, na ukumbi mzima ukaona jeneza la mninga lenye vishikizo vya shaba, chini yake maneno: “Amani. Tuko nawe katika saa ngumu. Usafiri wa mikoani upo.” Mama wa bibi harusi alishika kifua. Mwenyekiti, mtu wa busara, akauliza kama hii ni sehemu ya bajeti ya ukumbi au ni dharura.

Nikamwambia shangazi akate simu, nitaangalia. Nikafungua tovuti yake kwenye kompyuta yangu. Maua, vitambaa, viti vya kisultani. Nikampigia.

“Shangazi, iko sawa. Naiona.”

“Mimi naona vishikizo.”

Dakika tano baadaye akapiga seremala. Huyu sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeguswa moyo.

“Mdogo wangu, kuna jambo kubwa limetokea mjini na sisi hatujasikia?”

Akanisimulia. Mama mmoja amempigia asubuhi. Inaonekana bando lake lilikuwa dogo, picha hazikufunguka, aliona jina Amani na namba ya simu tu. Akasema wanahitaji rangi ya zambarau na dhahabu. Seremala akamwambia rangi yoyote inawezekana, ila vanishi inataka siku mbili kukauka. Mama akasema hakuna haraka, ni Jumamosi ijayo. Seremala akaona huyu mgonjwa amekadiriwa vizuri sana. Akauliza, mnahitaji ya watu wangapi?

“Mia tatu,” mama akajibu. “Labda na hamsini wa akiba.”

“Nikamwambia poleni sana, mama,” seremala akaniambia. “Nikamuuliza, ni meli au ni treni?”

Mama alikata simu. Seremala alikuwa ameshatuma kijana kwenda kuulizia bei ya mbao.

Sasa ikaanza kazi ya kutafuta ubovu, na nakiri kwamba niliifanya kwa mpangilio uleule anaoutumia mtu aliyepoteza miwani akiwa ameivaa.

Nilianza na wadukuzi. Shangazi alikuwa na maelezo yake, kwamba mpambaji mwenziwe wa Sinza amekwenda kwa mtaalamu, na mtaalamu huyo si wa kompyuta. Mimi nikasema haya ni mambo ya kisayansi, tumeingiliwa na wadukuzi. Nikabadilisha nywila zote: za seva, za domeini, za barua pepe. Ya barua pepe niliitunga ngumu kiasi kwamba hata mimi haikunikubali tena. Mdukuzi pekee aliyefungiwa nje siku hiyo nilikuwa mimi.

Nikahamia kwenye DNS. Nikaifuta nyota. Nikairudisha. Nikabadilisha namba, nikairudisha. Nilichosahau ni kwamba majibu ya DNS hukaririwa njiani kwa muda uliowekwa, na mimi nilikuwa nimeacha sekunde 86400, yaani saa 24 kamili. Kwa hiyo kila nilichobadilisha kilifika kwa watu kama uvumi: wengine wanaona cha jana, wengine cha saa hii, na wengine hawaoni kitu kabisa. Mtu wa Mbezi akisema imepona, wa Mbagala anasema ndiyo kwanza imeanza. Ubovu wangu mmoja nilikuwa nimeufanya kuwa ubovu wenye mikoa.

Mwisho nikaisingizia simu ya shangazi. Vivinjari huhifadhi kumbukumbu za kurasa vilizowahi kufungua, nikadhani chake kimeng'ang'ania ya zamani. Nikampigia, nikamwambia, shangazi, fungua simu yako, futa kumbukumbu.

Baada ya robo saa akanipigia. Sauti imetulia, ya mtu aliyelia akamaliza.

“Nimefuta zote,” akasema. “Hata za marehemu mjomba wako.”

Picha 1,100. Tulizipata baadaye kwenye folda ya zilizotupwa, Mungu mkubwa, lakini kwa siku nzima niliishi nikiwa mtu aliyemzika mjomba mara ya pili.

Jumanne usiku, kwa kukosa la kufanya, nilifanya kile ambacho mafundi wa kweli hufanya kwanza: nikasoma logi. Seva huandika kila mgeni aliyeingia, saa aliyofika na alichoomba. Nikafungua ya Amani. Saa 4:12 usiku mtu ameomba ukurasa wa viti vya maharusi. Kwa seremala! Akajibiwa 404, hakuna. Saa 4:15 mwingine ameomba bei za keki na jukwaa. 404. Wageni wa shangazi walikuwa wanafika nyumbani vizuri, wanapiga hodi vizuri, na wanaingizwa chumba cha majeneza mmoja baada ya mwingine.

Nikaandika apachectl -S, amri inayoitaka Apache isome orodha yake ya wapangaji kwa sauti. Ikasoma: amani, harusi, vifaranga. Na juu kabisa ikaandika kwamba anayepokea wasiojulikana ni Amani.

Nikampigia shangazi. Saa tano usiku, akapokea.

“Shangazi, soma kadi yako. Herufi kwa herufi.”

“Dabliu, dabliu, dabliu, nukta...”

“Ngoja. Dabliu?”

“Sasa tovuti gani isiyo na dabliu?” akasema. “Unataka watu waseme ni ya uongo?”

Nikakaa kimya muda mrefu. Miezi miwili mimi nilikuwa naandika jina la tovuti yake bila dabliu tatu, kwa sababu ndivyo nilivyolisajili kwenye faili: jina moja, kavu. Yeye, na kadi zake 500, na kila mwenye kadi, walikuwa wanaandika jina lenye dabliu tatu mbele. Kwa mwanadamu ni jina lile lile. Kwa Apache ni watu wawili wasiofahamiana. Ile nyota yangu kwenye DNS ilialika kila jina lije, nami mlangoni nikaacha jina moja tu.

Lakini kwa nini majeneza, kwa nini si vifaranga? Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mpangaji asiyelipa kodi.

Katika nyumba yetu, chumba cha kwanza kulia anakaa mzee mmoja mstaafu. Kiti chake kiko barazani alfajiri hadi usiku. Mgeni akitaja jina ambalo hakuna anayelijua, watoto humpeleka kwa huyo mzee, naye humpokea, humpa maji, humsikiliza, na mara nyingi humaliza shida yenyewe. Si kwa sababu anahusika; ni kwa sababu yuko karibu na mlango. Apache ina desturi hiyo hiyo. Mgeni akitaja jina lisiloandikwa popote, haimfukuzi. Inampa mpangaji wa kwanza katika orodha. Na orodha hufuata alfabeti ya majina ya mafaili. Lile faili la 000-default hupewa sifuri tatu makusudi ili likae mbele ya wote na kuwapokea waliopotea. Ndiye mzee wa barazani. Mimi nilimwona hana kazi, nikamtoa, na kiti chake akakalia aliyefuata kwa alfabeti. A ya Amani. Laiti seremala angeiita karakana yake Zawadi, mama wa bibi harusi angeonyeshwa maua.

Dawa ilikuwa mstari mmoja. Chini ya jina la shangazi nikaandika ServerAlias, na jina lenye dabliu tatu: huyu na yule ni mmoja. Nikakagua sarufi, nikaiambia seva isome upya. Kazi ya siku tatu ikaisha kwa sekunde 8. Kisha nikamrudisha yule mzee na sifuri zake tatu, nikamwandikia ukurasa wa kuwaambia waliopotea: “Hodi yako imesikika, ila jina hilo hatunalo. Taja sawasawa.”

Ningependa kusema nilitoka humo nimekomaa. Wiki iliyofuata nikaweka vyeti vya usalama vya Let's Encrypt, ambavyo ni vya bure na hudumu siku 90. Nikaombea majina yote, yenye dabliu na yasiyo na dabliu; hapo nilikuwa mwanafunzi aliyechapwa. Kisha, kwa kuwa sasa wageni walipita mlango namba 443 wenye kufuli, nikaona mlango namba 80 hauna kazi, nikaufunga. Msomaji mwangalifu ameshaona ugonjwa wangu: nikikuta kitu kimekaa kimya, nakitoa. Kumbe mkaguzi wa vyeti, anapokuja kuthibitisha kwamba nyumba bado ni yako, hubisha hodi hapo hapo 80. Alibisha kwa wiki nne, hakufunguliwa. Siku ya 90 ilipopita, wateja wa vifaranga wakaonywa na vivinjari vyao kwamba tovuti hii si salama. Mfugaji akanipigia na kuapa kwamba kuku wake wote wamechanjwa. Nami kwa pupa nikaomba cheti kipya mara tano mfululizo kabla ya kuufungua mlango, nikaambiwa nimekosea mara nyingi mno, nisubiri saa nzima. Nikasubiri, kama mtoto aliyesimamishwa kwenye kona.

Ile harusi ilifanyika. Shangazi alipewa kazi, tena na jukwaa juu yake, kwa sababu mweka hazina alikuwa ameipenda kweli ile mninga na akamtafuta seremala mwenyewe. Viti vya maharusi vilichongwa Keko. Mama wa bibi harusi aliweka sharti moja, kwamba mbao ziwe mpya na zisiwe zimepimwa na mtu.

Jioni ya sherehe shangazi alinikumbuka. Alifunga sahani ya pilau, paja la kuku na kachumbari, akamkabidhi dereva wa bodaboda, na kwa heshima akamwandikia jina langu lote, la kwanza, la baba na la babu, kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa. Mimi nilikuwa chumbani, simu iko chaji uani. Dereva akafika, akasoma lile jina kwa sauti. Watoto wakatazamana. Katika nyumba ile nimekaa miaka minne na hakuna anayelijua. Tangu nilipowapa nywila ya intaneti mimi ni Baba Waifai, na hata mwenye nyumba huandika hivyo kwenye risiti. Basi wakafanya wanachofanya siku zote. Wakampeleka dereva chumba cha kwanza kulia.

Nilipotoka, mzee alikuwa analamba vidole.

“Nilihisi limepotea njia,” akaniambia. “Lakini lilikuwa la moto.”

Sikuwa na la kumjibu. Nikaingia ndani, nikachukua chaki, nikaandika kwenye mlango wangu jina la kitambulisho, na chini yake Baba Waifai. Kisha nikampigia shangazi kumshukuru kwa pilau nililolinusa, nikamweleza nilichofanya.

Akafikiri kidogo.

“Na dabliu tatu umeweka?”